Somo Aliyesusa Dishi

Mpaka leo nikiyakumbuka mambo yale natikisa kichwa peke yangu, hata watu huniuliza kuna nini. Mwanamke aliyenifundisha kukaa kwa mume ndiye aliyekuja kunituma niondoke, na jambo hilo hakufundishwa na shekhe wala mwanasheria. Alifundishwa na dishi la tivii.

Jina lake silitaji. Sisi tuliopita mikononi mwake hatukumwita jina hata siku moja, tulimwita Somo tu. Kwa asiyejua, somo ni yule mama anayemchukua mwari kabla ya harusi, akamweka ndani, akamsugua liwa, akamfukiza udi na kumwambia yale ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka. Kazi yake haiishi siku ya harusi. Mkikorofishana na mume, somo ndiye anayeitwa. Wazee wakikaa kusuluhisha, wewe mke huketi nyuma ya pazia na somo ndiye anayekusemea. Akishasema "mtoto amekubali", mambo yamekwisha, watu wanakunywa kahawa. Wangu alikuwa ameyasema maneno hayo katika nyumba nyingi za Msambweni, na alikuwa na sauti maalumu ya kuyasemea, ya chini, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto.

Alikuwa mfupi, mnene wa kiasi, na mwendo wake ulikuwa wa haraka usiolingana na umbo lake. Akicheka alipiga kofi moja tu, kisha akanyamaza ghafla, ukabaki wewe unacheka peke yako kama mjinga. Alichukia mtu anayezungumza amesimama. Ungefika mlangoni na habari ya moto, pengine nyumba inaungua, yeye angekunyooshea kidole kwenye mkeka. "Kaa," angesema. "Kaa kwanza, kisha uniambie." Basi ulikaa, na mara nyingi ulipokwisha kukaa uliona habari yenyewe haikuwa na moto hivyo.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Mie nikikaa, nimekaa." Na si maneno matupu. Alikuwa na fundi wake wa nguo pale karibu na soko, mzee ambaye macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Kila nguo ya dira aliyomshonea ilitoka na mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi. Somo alizivaa vivyo hivyo, akiuficha mkono mfupi chini ya leso. Tulimwambia kuna kijana ameweka cherehani mpya barabarani, anashona vizuri na kwa bei nafuu.

"Huyu alinishonea nguo za harusi yangu ya kwanza," akasema.

"Na ndoa hiyo iko wapi, Somo?"

"Ndoa sina. Nguo ninazo."

Akapiga kofi lake moja, na mjadala ukafa pale pale.

Hapo tena ndipo penye ajabu yake. Mwanamke huyu aliyefundisha mabinti kukaa alikuwa ameolewa mara tatu. Wa kwanza waliachana, wa pili waliachana, na wa tatu, kwa maneno yake mwenyewe, alikufa kabla hawajafika huko, Mungu amrehemu. Niliwahi kumuuliza, nikiwa bado mwari na ulimi wangu haujapata adabu, anawezaje kutufundisha kitu ambacho yeye kilimshinda. Nilidhani atanifinya. Akanitazama tu, akaendelea kunisugua mgongo.

"Ulitaka ufundishwe na nani?" akasema. "Na yule ambaye hajawahi kulia?"

Dishi liliingia nyumbani kwake miaka mingi kabla ya nyumba nyingine za mtaani. Fundi aliligongomea kwenye mlingoti kando ya choo, likielekea angani upande ambao Somo aliusimamia mwenyewe, maana hakutaka liupe mgongo upande wa kibla. Fundi alimweleza kwamba setilaiti haijali kibla. Somo akamwambia yeye anajali. Wakabishana, na kwa bahati upande uliotakiwa na setilaiti ulimridhisha Somo pia, na mpaka mwisho aliamini kampuni ile ilimkubalia ombi. Nadhani mapenzi yake kwao yalianzia hapo.

Kila siku baada ya sala ya alasiri wanawake walijaa sebuleni kwake kutazama tamthilia. Na yeye hakutazama kama watu wengine. Alitazama kama mwalimu anayesahihisha. Kama alikuwa na mwari ndani, alimtoa, akamkalisha mbele karibu na kioo, na kila mke wa kwenye tamthilia aliyekosea alitolewa mfano. "Muone huyo," angesema. "Amefunga sanduku. Amekwenda kwao. Muone, muone, atalia kesho." Na kweli kesho yake mwanamke yule alilia, maana watunzi wa tamthilia hawana kazi nyingine. Somo alitugeukia kwa ushindi. Sisi tulimwamini. Mimi nilikaa mbele ya kioo kile kile, nina hina mbichi mikononi, nikaapa moyoni kwamba sitafunga sanduku maishani mwangu.

Nikaja nikapata kazi Ukunda, kwenye duka la wakala wa kampuni hiyo hiyo ya dishi, na hapo ndipo nilipozijua adabu zake zote. Kampuni ilikuwa inatuma ujumbe kwenye simu za wateja. "Mteja wetu mpendwa," huanza hivyo, kisha hukwambia jambo usilolipenda. Mimi na wewe tunafuta. Somo alikuwa anajibu. Macho yake hayakuwa mazuri kwa herufi ndogo, kwa hivyo alinipa simu nimwandikie. "Wameniita mpendwa, mwari wangu. Huwezi kuitwa mpendwa ukanyamaza. Andika: ahsanteni sana, nasi tunawapenda, tunawaombea kheri." Nilimweleza ule ujumbe unatumwa na mashine kwa watu wote kwa mara moja. Akanikazia macho. "Na mashine imetumwa na nani?" akauliza. Nikaandika.

Walipompigia simu ndiyo kabisa. Simu yake aliiweka sauti kubwa kila mara, kwa sababu kwake anayepiga simu ni mgeni, na mgeni huingii naye chumbani ukamfungia mlango. Nyumba nzima ilisikia. Binti wa Nairobi angeanza na hesabu zake za vifurushi, naye angemkatiza kwa upole: "Hujambo kwanza? Mama hajambo? Baba je? Huko kwenu mvua imenyesha?" Binti wa watu alijikanyaga, akajibu, na mwisho alikuwa anasimulia habari za mamake na magoti yake. Siku moja mmoja wao akamwita "shosho." Somo alishtuka. Akatuuliza kama ni tusi. Tulipomwambia ni nyanya kwa lugha ya wenyewe, akafurahi siku mbili.

Sasa niseme habari zangu, kwa kuwa zimefungamana na zake.

Mume wangu Bakari alikuwa dereva wa watalii Diani. Kwa wageni alikuwa asali. Nilikuwa nikikutana na watu wakaniambia, "Una bahati, mumeo ana ulimi mtamu," nikawa najiuliza utamu huo huishia kituo gani. Mwanzo alirudi nyumbani Msambweni kila jioni. Kisha akaniambia barabara inamchosha, atakuwa analala Diani mara mojamoja, kwa faida yetu sote. Kisha mara mojamoja ikawa wiki nzima. Akawa anakuja Ijumaa tu na mfuko wa nguo chafu, anasali, anakula, analala, na Jumamosi anaondoka na mfuko wa nguo safi. Kila mabadiliko yalikuja na maneno mazuri. Safari zangu za kwenda Bodo kumwona mama zikapunguzwa, kwa sababu anataka anikute. Kikundi changu cha kushona nikakiacha, kwa sababu nitachoka. Sikugombana. Nilikuwa nimekaa.

Kisha nikaugua. Malaria ilinipanda kichwani, nikalazwa. Ijumaa ikafika, Bakari akaja wodini. Alinisalimia, akaniuliza nimekula nini, akamsifia muuguzi kwa kazi nzuri. Halafu akainama, akausukuma mfuko wake wa nguo chini ya kitanda changu cha hospitali, akauweka vizuri usionekane.

"Ukipata nafuu," akasema.

Nilishtuka hata homa ikanitoka kwa muda. Nilimtazama muuguzi, naye akajifanya anasoma chupa ya dawa.

Nilipotoka hospitali sikwenda nyumbani, nilikwenda kwa Somo. Kwetu mke aliyekosewa ana njia yake: hufunga sanduku, akarudi kwa wazazi, akasusa. Hasemi na mume wala hapokei simu. Mume akitaka mkewe lazima afunge safari na wazee wake, aje na zawadi na ahadi mbele ya watu, ambembeleze. Nilitaka hilo. Nilitaka kwenda Bodo nikakae kwa mama mpaka Bakari aje na wazee aeleze ule mfuko.

Somo alinikalisha kwenye mkeka. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanitilia chai.

"Hizo nguo," akaniuliza, "umezifua?"

"Nimezifua, Somo. Nilizifulia hospitali, siku ya kutoka."

"Basi umemshinda." Akanishika mkono. "Mke hasusi, mwari wangu. Anayesusa anamwonyesha mume kwamba nyumba yaweza kukaa bila yeye. Wewe kaa. Anayekaa ndiye hutunzwa mwisho. Watu wanajua nani alikuwa nao tangu mwanzo."

Nikarudi kwa Bakari. Siwezi kusema nilirudi kwa furaha, ila nilirudi kwa imani. Somo hakuwa mtu wa kusema uwongo, na kweli hakusema uwongo. Alikuwa anaamini.

Ukaja ule mwaka wa bei. Kwanza kampuni ilipandisha kifurushi chake kidogo, na ujumbe ukaja: mteja wetu mpendwa, ili kukuhudumia vyema zaidi. Somo akanituma nijibu kwamba amepokea, na pole kwa ugumu wa maisha. Aliamini kabisa wamepatwa na shida. Muuza duka wa kwetu akipandisha bei ya unga huja mwenyewe mlangoni, anajikuna shingo, anaapa si yeye ni gari la mizigo, nawe unamwambia haidhuru. Somo aliuchukua ule ujumbe hivyo hivyo. Kisha wakaiondoa stesheni ya tamthilia kwenye kifurushi chake wakaipandisha kwenye cha juu. Akahama nayo, akalipa. Wanawake wa sebuleni walinung'unika. Akawanyamazisha: "Rafiki akifilisika ndiyo mwamkimbia?" Akapunguza vitu vyake vingine. Akaacha kununua tui la tayari akarudi kukuna nazi mwenyewe, ingawa mkono ulikuwa ukimuuma. Halafu wakapandisha tena.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mwanasha, alikuwa ameacha kulipia dishi lake zamani. Lilikuwa limeshika kutu, kuku walilala chini yake. Asubuhi moja kampuni ikampigia Mwanasha. Wakamwambia wanamkumbuka sana. Wakampa kifurushi kile kile cha Somo kwa nusu ya bei, na dikoda mpya bure, na fundi wa kuja kumfungia bila malipo. Mwanasha, ambaye hakuwa na hata adabu ya kuwauliza hali, akakubali.

Somo alikuja dukani siku ile ile. Nilishtuka nilipomwona, kwa kuwa hakupenda Ukunda na kelele zake. Alikuwa amevaa buibui lake la safari, na mkono mmoja wa dira umejitokeza kuliko mwingine.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwari wangu." Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akatengeneza leso. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anatabasamu. "Nimesikia wanatoa zawadi. Mwanasha wamempa. Nikasema lazima yangu imepotea njiani, maana mie ni wa zamani kumliko. Hebu niangalizie."

Nikaangalia kwenye kompyuta. Nilikuwa najua nitakachokiona, lakini niliangalia kwa muda mrefu ili nisiinue uso. Mwenzangu wa meza ya pili, Njeri, mtu wa bara lakini mwenye moyo mzuri, akaniokoa, au akadhani ananiokoa.

"Shosho, hii ofa si yako," akasema. "Ni ya wenye walikatika. Wewe hujawahi kukatika, kila mwezi umelipa. Sistimu haiwezi kukubali."

"Mwanangu, sijakufahamu. Kwa kuwa nimelipa kila mwezi?"

"Eeh. Ungekuwa umetoka, ungepata. Hata kushinda huyo jirani yako. Lakini ukiwa ndani, wewe bei ni ile tu."

"Kwa hivyo," Somo akasema polepole, "kosa langu ni kukaa."

Njeri akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Akasema si kosa, ni vile tu kampuni inafanya, kampuni zote zinafanya hivyo, inabembeleza wenye wametoka kwa sababu wenye wako ndani wako tu.

"Wako tu," Somo akarudia.

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukishtuka namna ile. Haukukunjamana. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyeitwa na sauti anayoijua, akageuka, asione mtu. Akaomba maji. Nikamletea, akanywa kidogo, akakirudisha kikombe, na wakati wa kukirudisha akauona mkono wangu. Wakati ule vidole vyangu vilikuwa vimepasuka kwa sabuni, kwenye viungo vilikuwa vinatoa damu. Sasa vimepona. Akaushika, akaugeuza juu chini.

"Bado anakuja Ijumaa?"

"Anakuja, Somo."

Mteja mwingine aliingia akauliza betri za rimoti, Njeri akamhudumia, akaondoka, na Somo bado ameushika mkono wangu.

"Ni wangapi niliowaambia wakae?" akasema. Sikujua kama ananiuliza mimi. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: akasimama, akazungumza amesimama. "Nimewapeleka nyinyi kwa waume kama kwenye duka hili, wallahi. Nimewapeleka nikawaambia mkae."

Akatoka bila kuaga. Nilikaa pale mdomo wazi. Somo, kutoka bila kuaga!

Mwezi ule hakulipia. Kioo kikawa cheusi. Mtaa mzima ulishtuka, watu wakadhani ni mgonjwa, wakamletea uji. Wengine walijitolea kumlipia kwa mchango. Alikataa. Wanawake walipokuja baada ya alasiri aliwakalisha kama kawaida mbele ya kioo cheusi, akawamiminia kahawa. Walipomuuliza kulikoni, alisema, "Nimesusa." Neno hilo, kwenye kinywa chake, liliwafanya wengine waweke vikombe chini.

Siku chache baadaye akanitumia ujumbe kwa Mwanasha. Ulikuwa mfupi: "Mwambie afunge sanduku. Aende kwao."

Niseme ukweli, nilimkasirikia. Nilikaa kitandani kwangu nikalia kwa ghadhabu. Miaka yote ile amenikalisha, nimefua, nimekaa, nimeamini, sasa kwa sababu ya tivii ananiambia niondoke? Nilitaka kwenda nikamfokee. Lakini ilikuwa Ijumaa, na Bakari akaingia, akauweka mfuko mlangoni, akauliza chakula ni nini. Hakunitazama usoni. Angenitazama angeona nimelia. Jumamosi alipoondoka na nguo safi, nikafunga sanduku.

Mama yangu Bodo aliponiona na mzigo alishika kiuno. "Somo anajua?"

"Somo ndiye aliyenituma."

Mama akakaa chini pale pale kwenye kizingiti.

Wiki ya pili Somo mwenyewe akaja na bodaboda, na kikapu chake, akasema amekuja kusubiri nami. Hakuniomba radhi, na sikumdai. Alinipaka mafuta ya nazi vidoleni kila asubuhi bila kusema neno, kama alivyonisugua liwa zamani. Basi tukawa tunangoja sote wawili, mie namngoja mume, yeye anaingoja kampuni. Simu zetu tuliziweka juu ya kinu kilichofudikizwa, pamoja. Mama alikuwa anapita akitutazama, anatikisa kichwa.

Kampuni ilitangulia. Ilipiga adhuhuri, tukiwa tunachambua mchele. Somo akaweka sauti kubwa.

Binti akasema wanamkumbuka sana. Somo akamuuliza hali ya mama na baba. Binti akajibu, kisha akazimimina zawadi zote: nusu bei, dikoda mpya, fundi wa bure, stesheni ya tamthilia ndani yake. Mama yangu akaacha mchele. Hata mimi, ninayeifanya kazi hiyo, nilisisimka.

"Ahsante sana, mwanangu," Somo akasema. "Mwezi huu ni nusu?"

"Ndiyo, mama. Nusu."

"Na mwezi wa pili?"

"Hata wa pili ni nusu."

"Na mwezi wa tatu?"

Tukasikia nyuma yake sauti za mabinti wengine wakiwaambia watu wengine kwamba wanawakumbuka.

"Mwezi wa tatu bei inarudi ile ya kawaida, mama."

"Ile niliyoikimbia."

"Itakuwa ile itakayokuwepo wakati huo."

Nilidhani atatukana. Hakutukana. "Umenijibu kweli, na kweli ni jambo kubwa," akamwambia. "Nisalimie mamako. Mwambie magoti ayakande na maji ya moto." Sijui kama huyo ndiye aliyekuwa na mama wa magoti. Akakata simu, akaurudia mchele wake.

Bakari alikuja baadaye, siku ya Jumapili baada ya alasiri, na mjomba wake na wazee wengine wawili. Alikuja kwa heshima zote, siwezi kumnyima hilo. Leso mpya, manukato, mkebe wa halua. Wakaketi ukumbini kwa mama. Mimi na Somo tukaketi nyuma ya pazia kama ilivyo ada.

Mjomba alizungumza vizuri, kisha Bakari akazungumza vizuri zaidi. Alisema nyumba imekuwa gofu bila mimi. Alisema atarudi kila jioni, barabara imchoshe imwue. Bodo nitakuja nitakapo, kikundi cha kushona nirudi. Mwisho akasema ameninunulia mashine ya kufulia nguo, iko njiani kutoka Mombasa. Wazee wakavuta pumzi kwa pamoja. Mashine! Mmoja wao akasema wallahi huyu ni mume. Mama yangu, mlangoni, alikuwa anafuta machozi na ncha ya leso, na mimi moyo wangu ulikuwa umeshaanza kuinuka kwenda kufunga vitu vyangu nirudi. Ule ulimi mtamu niliokuwa nikiusikia kwa watu, ndiyo kwanza uliniangukia mimi.

Nikamtazama Somo. Hakunikonyeza, wala hakunipa ishara. Alikuwa ameangalia mikono yangu.

Nikazungumza kupitia pazia, jambo ambalo mke hafanyi.

"Bakari," nikasema. "Na mwezi wa tatu?"

Nikasikia kiti kikilia. Nikasikia mjomba akimnong'oneza, "Anasema nini?" Niliusogeza ukingo wa pazia kwa kidole nikamwona mume wangu. Alikuwa ameshtuka. Hakukasirika wala hakujiona ameonewa. Alishtuka kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu ambacho hakuwahi kudhani kinauzwa. Mdomo ulifunguka, na ulimi wote ule haukuleta neno.

Mjomba akakohoa. Kahawa ilikwisha kumiminwa. Akaligeukia pazia, akaita kwa sauti ya mtu anayejua desturi itamwokoa. "Somo," akasema, "tumalizie, mama. Mtoto amekubali?"

Somo akajitengeneza leso, ule mkono mfupi wa dira ukatokeza wazi, asiuhangaikie. Niliisubiri ile sauti ya chini, ya kufunga mlango.

"Mtoto ameuliza," akasema. "Mjibuni."